UTI ya mtoto: siku tatu, tano au kumi?

Hapa Chikongola, Mtwara, kina mama wakikutana lazima UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, itajwe. Mmoja kaandikiwa dawa ya siku tatu, mwingine ya siku kumi, basi kila mmoja anaona mwenzake kadanganywa. Wanaweza kuwa wote wametibiwa sawasawa.

Swali la kumuuliza daktari ni hili: ugonjwa uko kwenye kibofu tu, au umeshapanda kwenye figo? Mtoto aliyevuka miezi mitatu, hana homa, ila analia akikojoa na anakojoa vitone vitone, kwa kawaida ni kibofu. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza unampa siku 3 za dawa. Akiwa na homa kali, anatapika, au mkubwa kidogo anashika ubavu, hapo figo zinahofiwa, na mwongozo uleule unasema siku 7 hadi 10. Kichanga cha chini ya miezi mitatu usikae naye nyumbani kuhesabu siku, mpeleke hospitali.

Na siku tano je? Mwaka 2023 Marekani walitoa utafiti wa watoto waliokuwa wameshapata nafuu siku ya tano. Wengine wakaendelea na dawa hadi siku ya kumi, wengine wakapewa kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Ugonjwa uliwarudia au kuwaendelea asilimia 4.2 ya walioishia siku tano, na asilimia 0.6 ya waliofika kumi. Wengi walipona hata hivyo, ndiyo maana madaktari bado wanavutana. Mimi nikiandikiwa kumi kwa mtoto aliyekuwa na homa, namaliza kumi.

Wa kwangu alipata homa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, bibi yake akasema ni chango. Nesi akanipa kikopo. Mtoto wa mwaka mmoja hakojoi kwa kuamrishwa! Nesi akamsafisha, akachovya pamba kwenye maji ya baridi, akawa anamsugua taratibu chini ya kitovu, mimi nimekinga kikopo. Mkojo ukatoka. Utoe kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa ikishaingia mwilini, kuotesha mkojo, yaani kuuweka maabara ili kijidudu kikue kionekane, kunaweza kusionyeshe kitu, na kuotesha ndiko kunakoonyesha dawa ipi inakiua. Amoksilini peke yake mara nyingi haifui dafu siku hizi.

Halafu kuna hesabu ya chupa, ambayo dukani hawakuambii. Chupa ya mililita 100, ukinywesha mililita 5 mara mbili kwa siku, inafika siku kumi. Ukinywesha mara tatu, inakauka siku ya saba. Wengi wanaona chupa imeisha, wanadhani dozi imeisha. Kama umeandikiwa kumi, uliza mapema kama unahitaji chupa ya pili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Na ile amoksilini iliyochanganywa na klavulaniti, ukishaitia maji inataka friji na haipiti siku saba. Kwa joto letu hili, kama huna friji, iweke kwa jirani mwenye nayo au mwambie mfamasia akutafutie nyingine.

Homa ikiwa bado ipo baada ya siku mbili za dawa, usiongeze dozi wala usibadilishe dawa dukani. Rudi ulikotibiwa, uende na chupa yako na uulizie majibu ya mkojo uliooteshwa.