Minos alipataje kuwa hakimu wa wafu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Wagiriki wa kale waliamini kuwa wafu huhukumiwa na mahakimu watatu, mmoja wao akiwa Minos, mfalme wa Krete. Je, si ndiye aliyewatoza watu wa Athens wavulana 7 na wasichana 7 ili waliwe na Minotaur, jitu lenye kichwa cha fahali? Mtu wa namna hiyo alipewaje kiti cha hakimu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndiye huyo huyo, na jambo hilo liliwatatiza hata Wagiriki wenyewe. Plutarch, mwandishi Mgiriki, alieleza kwamba ni hatari kuchukiwa na mji wenye ufasaha na fasihi, kwa kuwa watunzi wa Athens walimchafua Minos majukwaani, ilhali washairi Homer na Hesiod, waliotangulia, walimsifu. Nasi tumeirithi zaidi simulizi ya mahasimu wake.

Katika utenzi wa Homer, shujaa Odysseus anamkuta Minos kuzimu akiwa na fimbo ya dhahabu mkononi, ameketi, huku wafu wamemzunguka wakitaka awakatie mashauri yao. Hapo hatajwi kumpeleka mtu penye raha wala penye adhabu. Anaendelea tu na kazi yake ya ufalme.

Hukumu ya matendo inaelezwa waziwazi na mwanafalsafa Plato katika kitabu chake Gorgias. Anasimulia kwamba hapo zamani watu walihukumiwa siku ya kufa wakiwa bado hai, na wamevaa, mbele ya mahakimu walio hai pia, hivyo waovu wenye sura nzuri, nasaba na mali walifika na mashahidi tele na kupita. Zeus, mkuu wa miungu, akaagiza kwamba mtu ahukumiwe akiwa amekwisha kufa, roho yake ikiwa uchi, na hakimu naye awe mfu aliye uchi. Aliwateua wanawe watatu: Rhadamanthys kwa wafu wa Asia, Aiakos kwa wa Ulaya, na Minos kwa mashauri yaliyowashinda hao wawili, mfano wa mahakama ya rufani. Rhadamanthys huitazama roho bila kujua ni ya nani, na mara nyingi ile iliyojaa makovu ya viapo vya uongo huwa ya mfalme mkuu.

Isitoshe, katika utetezi ulioandikwa na Plato, mwanafalsafa Socrates, aliyehukumiwa kifo mwaka 399 kabla ya Kristo, anawaambia Waathens kwamba, ikiwa yasemwayo ni kweli, huko aendako atawakuta mahakimu wa kweli: Minos, Rhadamanthys, Aiakos na, wa nne, Triptolemos. Minos ndiye anayemtaja kwanza.