Naivasha mwezi wa Julai: banda au hema?

Umeuliza ulale wapi ukija kupiga kambi kando ya Ziwa Naivasha, Kenya. Kwa kuwa unakuja na watoto wadogo, chukua banda, yaani kijumba cha wageni. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Blanketi moja halitoshi.

Ukisisitiza kulala kwenye hema, lisimamishe ndani ya uzio wa umeme, si upande wa ziwa. Usiku kiboko hutoka kula majani, na ukikaa kati yake na maji, atakuvamia. Fagia kwanza miiba ya migunga, inatoboa godoro la upepo, kisha tandika turubai. Dirisha liache wazi kidogo, la sivyo mvuke wa pumzi utalowesha matandiko. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingie hemani wala bandani hata likififia: hewa yake ya sumu haina harufu.