Nahodha, rudi na jibu

Ukichaguliwa nahodha wa timu ya mtaa, wengi watakuusia upaze sauti uwanjani. Sauti ina nafasi yake, nitaifikia. Ila kwa miaka niliyovaa kitambaa nikicheza beki wa kati huku Temeke, nimeona kwamba kazi kubwa ya nahodha hufanyika kabla filimbi haijapulizwa: kuchukua maneno ya wachezaji, kuyafikisha kwa kocha na viongozi, kisha kurudi na jibu. Hapo kwenye kurudi na jibu ndipo manahodha wengi wanapolegea, na timu nyingi hufia hapo.

Chukua suala la nauli. Timu zetu hazina mishahara. Kuna katibu anayekusanya michango, kuna mdau aliyeahidi jezi, na kuna kijana anayepanda daladala mbili kutoka Mbagala ili awahi mazoezi ya jioni. Wachezaji wakichoka, watakuja kwako. Ukisema "nitaongea nao" halafu ukakaa kimya wiki nzima, hawatadhani kwamba viongozi hawajajibu. Watadhani hukuuliza, au umeshapewa chako ukatulia. Safari ijayo hawaji kwako tena. Watanong'onezana wakivua viatu, na siku ya mechi wawili simu zao hazipatikani.

Kwa hiyo taja siku utakayoleta jibu, na siku hiyo ikifika simama mbele yao hata kama jibu lenyewe ni "hela hakuna" au "bado hawajaamua". Nimewahi kuwaambia wenzangu kwamba hakuna chochote mpaka mwisho wa mwezi. Walikasirika sana, wengine wakaondoka bila kuaga. Kesho yake walikuja mazoezini, kwa sababu kila mmoja alishajua apange vipi mwezi wake.

Unapopeleka malalamiko, peleka hoja, majina yaache. Kiongozi atakubana akitaka kujua nani kasema. Mjibu kwamba ni timu imesema, na wewe ndiye uliyetumwa. Wala usiyatie chumvi ili aogope, wala usiyapunguze ili akupende. Akigundua siku moja kwamba "wachezaji wote" walikuwa watatu tu, hata hoja ya kweli utakayoleta baadaye ataipuuza.

Jambo gumu kuliko yote kwangu ni mchezaji mkongwe anapowekwa benchi. Akikuta kikosi kimebandikwa kwenye kundi la WhatsApp na jina lake halimo, utakuwa umempoteza, na mara nyingi humpotezi peke yake. Mwombe kocha amwite amweleze mwenyewe kabla kikosi hakijatangazwa. Wewe mfuate baada ya hapo, umsikilize. Hapo utashawishika kumwambia, "Kaka, hata mimi sikubaliani na kocha." Usiseme! Utapata urafiki wa jioni moja, na kocha ataanza kukuficha mipango yake. Kama kweli hukubaliani, mwambie kocha mkiwa wawili. Kwa kaka yako baki na yale yanayomsaidia: kocha anataka nini kwake, na nafasi yake inarudije.

Kwa mwamuzi, wengi tunajipa ukubwa ambao sheria haikutupa. Sheria ya 3 ya soka inasema nahodha hana hadhi maalumu wala upendeleo, ila anabeba kiasi cha wajibu kwa mwenendo wa timu yake. Kwenye Euro 2024 kule Ujerumani, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilitaka nahodha peke yake ndiye amfuate mwamuzi kuomba ufafanuzi, na kama nahodha ni kipa, timu iteue mchezaji mmoja asiye kipa kwa kazi hiyo. Tangu Julai 2024 mashindano mengine nayo yameruhusiwa kuutumia utaratibu huo. Hata kama ligi yenu haijaufuata, ufuateni. Kubalianeni mapema kwamba refa akipuliza, wote wanarudi nyuma na wewe unakwenda. Nenda ukitembea, mpe salamu, uliza swali moja: "Mwamuzi, faulo ni ya nani?" Akishajibu, geuka uwaambie wenzako alichosema, kwa sauti ya kawaida. Mchezaji aliyeelezwa hupoa upesi. Asiyejua kitu ndiye anayekimbia kufoka na kurudi na kadi ya njano.

Sasa ile sauti. Viwanja vyetu vina mashabiki hadi kwenye mstari, na vuvuzela hazikosi. Hotuba haisikiki. Tumia neno moja ambalo timu nzima imelizoea mazoezini: "mtu" (yaani mpinzani anakujia), "una muda", "geuka", "panda", "acha". Tanguliza jina la unayemwambia, maana ukisema "panda" bila jina mabeki wote wanne watapanda, au hatapanda yeyote. Na mtu akikosea, mpe maelekezo ya mpira unaofuata. Kosa lenyewe mtalizungumza mapumziko, mbali na mashabiki, na kama kocha ameshalisema wewe nyamaza.

Ukitolewa uwanjani, usimrushie tu kitambaa anayekipokea. Mwambie haraka nani ana kadi, refa amemwonya nani, na nani anachechemea lakini anajificha ili asitolewe.