Kilichokwisha Valencia si nguvu

Swali: Msomaji mmoja anaandaa makala ya kuwafahamisha wenzake mashindano ya Formula E, yale ya magari ya umeme ya kiti kimoja. Anauliza: "Je, ni sahihi kuyaita langalanga, au neno hilo ni la Formula One peke yake?" Ameniambatishia aya ya mwanzo ya makala yake, na ndani yake imo sentensi hii: "Huko Valencia mwaka 2021, magari mengi yaliishiwa nguvu kabla ya kumaliza mbio."

Jibu: Langalanga linafaa. Watangazaji wamelizoesha kwa Formula One, lakini kinachotajwa ni umbo la gari: gari la chini, jembamba, lenye kiti kimoja katikati, lililoundwa kwa ajili ya mbio tu. Gari la Formula E lina sifa zote hizo, kwa hiyo andika "langalanga za umeme" bila hofu. Formula nalo ni neno la Kilatini lenye maana ya kanuni, yaani masharti ambayo kila gari lazima liyafuate, na halina undugu wowote na petroli. Ila usije ukaandika "magari ya kielektroniki". Umeme ni neno lililoshuka kutoka mawinguni likaingia kwenye waya, na linatosha.

Swali lako limekwisha. Sasa nirudi kwenye ile sentensi, kwa maana imeninyima usingizi.

"Yaliishiwa nguvu." Kosa hili nimelisahihisha kwa miaka mingi, kila mara limevaa nguo mpya: betri "yenye nguvu nyingi" kwa maana ya betri inayodumu, taa "inayookoa nguvu", simu "iliyokwisha nguvu". Kila mahali nguvu imekalia kiti cha nishati. Na nishati tunayo! Tuliipokea kutoka Kiarabu, ilikokuwa na maana ya uchangamfu, tukaipa kazi ya maana kabisa, kisha tukaifungia wizarani na kwenye vitabu vya fizikia. Mahali pengine hasara yake ni ndogo, mtu huelewa tu. Katika Formula E ukilichanganya neno hili na lile, umeufuta mchezo wenyewe, kwa sababu mchezo wote umejengwa juu ya tofauti yao.

Nishati ni kiasi kilichomo. Nguvu ni kasi ya kukitoa. Nguvu hupimwa kwa kilowati, nishati kwa kilowati-saa, zile ambazo wanunuzi wa umeme wamezoea kuziita uniti. Langalanga la umeme la kizazi cha tatu, lililoingia mashindanoni mwaka 2023, huruhusiwa kutoa kilowati 300 wakati wa mbio, na betri yake humpa dereva takriban kilowati-saa 38.5 za kutumia. Chukua kalamu ugawanye. Dereva akikanyaga pedali mpaka mwisho asiiachie, ataimaliza nishati yake dakika nane hazijatimia. Mbio zenyewe huchukua takriban dakika 45.

Mtu anayeanza kuutazama mchezo huu akielezwa jambo hilo moja, mengine yote atayaelewa mwenyewe. Ataelewa kwa nini dereva anayeongoza huachia pedali mapema kabla ya kona, na kwa nini wengine hawana haraka ya kumpita: gari lililo nyuma hukingwa upepo na lililo mbele, likatumia kidogo zaidi kwa mwendo uleule. Ataelewa pia kwa nini breki za magari haya ni kama shamba. Mota zikigeuzwa kuwa jenereta hupunguza mwendo na papo hapo hurudisha umeme betrini, mpaka kilowati 600, mota za mbele na za nyuma zikifanya kazi hiyo pamoja, na zaidi ya asilimia 40 ya nishati inayotumika katika mbio huvunwa njiani. Kizazi cha tatu kilipoanza hakikuwa hata na breki za kawaida za haidroliki nyuma. Kwa kitendo hiki tumia "kuvuna nishati". "Kurejesha nguvu" ni maneno ya mgonjwa anayepona.

Mwanzoni hali ilikuwa ngumu zaidi. Katika mbio za kwanza kabisa, Beijing, tarehe 13 Septemba 2014, alizoshinda Lucas di Grassi, betri haikutosha kumfikisha mtu mwisho, na kila dereva alikuwa na magari mawili: katikati ya mbio aliruka kutoka moja akaingia jingine. Gari moja kwa mbio nzima lilikuja na kizazi cha pili, msimu wa 2018–19.

Tuje Valencia, Aprili 2021. Mvua ilinyesha, magari yakateleza, na gari la usalama likatoka mara kadhaa kuwapunguza mwendo wote. Kanuni za wakati ule zilisema kwamba kwa kila dakika inayopita nyuma ya gari la usalama, kila dereva anakatwa kilowati-saa moja katika kiwango cha nishati anachoruhusiwa, kwa kuwa mwendo wa polepole hauli nishati nyingi. Makato yakarundikana. António Félix da Costa, bingwa mtetezi, alikuwa mbele. Akavuka mstari zikiwa zimesalia sekunde chache kwenye saa, na kwa sekunde hizo chache ikabidi mzunguko mwingine mzima ukimbiwe. Wengi hawakuwa na nishati ya mzunguko huo. Magari yakatambaa, mengine yakasimama, na baadhi ya waliojikongoja mpaka mwisho wakaenguliwa kwa kuvuka kiwango. Nyck de Vries, aliyekuwa amejiwekea akiba, akapita akashinda.

Sasa nionyeshe nguvu iliyokwisha. Mota zote zilikuwa nzima, tayari kutoa kilowati 200 walizoruhusiwa mwaka ule, zilezile za mzunguko wa kwanza. Nguvu ya da Costa katika mita ya mwisho ilikuwa sawasawa na nguvu yake alipoondoka. Wala huwezi kuandika kwamba betri zilikauka, maana ndani yake umeme ulikuwamo, isipokuwa haukuwa tena halali kuutumia. Kilichokwisha ni nishati waliyoruhusiwa. Ukiandika "nguvu", msomaji ataona magari mabovu. Atadhani mitambo ilichoka, na hatajua kamwe kwamba alichokisoma ni hesabu iliyokosewa na watu wengi na kupatiwa na mmoja.

Najua utakavyojitetea, na utetezi wako una uzito. Kiswahili husema "nguvu zimeniishia", na ni Kiswahili safi, hakuna atakayekisahihisha mbele yangu. Mwili wa mtu hupoteza vyote viwili kwa pamoja: chakula kikiisha tumboni, mkono nao hulegea, na mtu mwenye njaa hanyanyui gunia alilonyanyua asubuhi. Kwa hiyo lugha ilitosheka na neno moja. Langalanga la umeme halina mwili wa namna hiyo. Likibakiwa na asilimia moja ya nishati linayoruhusiwa, linaweza kuitoa asilimia hiyo kwa nguvu karibu ileile ya mwanzo, kisha kimya. Tumeletewa kiumbe kinachokufa bila kudhoofika, na tunakisimulia kama mkulima aliyechoka jioni.

Ukitaka kipimo cha kujua umelitia neno mahali pake, tumia mambo mawili ambayo mtazamaji mpya huyachanganya kila mara. La kwanza ni lile eneo lililochorwa nje ya mstari wa kawaida wa mbio, kwa kawaida kwenye kona: dereva akilipitia hupoteza muda kidogo, kisha kwa dakika chache huruhusiwa kutoa kilowati 350 badala ya 300. Hapo ameongezewa nguvu. Andika "nguvu" kwa herufi kubwa ukipenda. Hakuongezewa hata chembe ya nishati, na akiitumia vibaya ataimaliza mapema zaidi. La pili lilianza mwaka 2025 katika baadhi ya mbio: gari huingia pembeni, likachomekwa chaja ya kilowati 600 kwa sekunde 30, likatoka na kilowati-saa 3.85 zaidi, sehemu ya kumi ya nishati yake. Huyu ameongezewa nishati, na nguvu yake haikupanda. Katika ripoti za michezo yote mawili huandikwa "dereva aliongeza nguvu", na msomaji anaachwa ajiulize mbona mmoja alizunguka konani na mwingine alisimama, ikiwa walikuwa wanatafuta kitu kimoja.

Mtangazaji aliye hewani, magari yakipita mbele yake kwa kilomita zaidi ya 200 kwa saa, simlaumu akiteleza. Ulimi una haraka zake, na "wameishiwa nguvu" litamtoka kama lilivyomtoka baba yake. Anayeandika amekaa. Ana muda wa kuchagua, na maneno yote mawili yapo mbele yake.

Basi sentensi yako isomeke hivi: "Huko Valencia mwaka 2021, langalanga nyingi zilimaliza nishati zilizoruhusiwa kutumia kabla ya kumaliza mbio, nguvu za mota zake zikiwa kamili." Ni ndefu kuliko ya kwanza kwa maneno machache, na usikubali mhariri ayakate.