Kabla ya kupeleka ramani yako mkutanoni, chota maji

Msomaji mmoja, kijana wa shahada ya uzamili, ametuandikia akiwa amevunjika moyo. Alichukua data za klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, za MODIS, kile kifaa kilichomo kwenye setilaiti ya Aqua, kuanzia 2003 hadi 2023. Akachora mwambao kutoka Mlango wa Zanzibar hadi Mafia, mwezi kwa mwezi, akaona klorofili inapanda kila masika mbele ya delta ya Rufiji. Akaandika ikisiri na kuipeleka kwenye mkutano wa kimataifa wa sayansi ya kupima bahari kwa setilaiti. Ikakataliwa. Mhakiki aliandika sentensi moja tu: mwandishi amehakikishaje kwamba alichokiona ni klorofili? Sasa anaomba tumrekebishie Kiingereza.

Mdogo wangu, Kiingereza chako hakina neno. Tatizo liko kwenye maji.

Kinachofika kwenye setilaiti ni mwanga tu, klorofili tunaikisia sisi. Fitoplanktoni, yaani ile mimea midogo inayoelea baharini, hunyonya mwanga wa buluu. Kanuni za kawaida za hesabu hulinganisha buluu na kijani, na kadiri buluu inavyopungua ndivyo namba ya klorofili inavyopanda. Katikati ya Bahari ya Hindi hesabu hiyo inakubali, kwa sababu huko rangi ya maji inaamuliwa na fitoplanktoni na mabaki yake. Mbele ya Rufiji kuna mengine. Mto unashusha tope, na pamoja nalo maji ya rangi ya chai yatokanayo na majani yaliyooza bara na kwenye mikoko. Maji hayo ya chai nayo hunyonya buluu. Kanuni haina njia ya kujua nani kainyonya, inaandika klorofili tu. André Morel na Louis Prieur waliyatenga maji ya aina hizi mbili tangu 1977. Ndiyo maana mhakiki akiona ramani ya mdomo wa mto mkubwa, swali la kwanza mdomoni mwake ni hilo ulilopewa wewe.

Halafu kuna sakafu. Kwenye mafungu na maji ya mita tano au kumi, mchanga mweupe unarudisha mwanga na majani ya bahari yanaunyonya, na vyote viwili vinaingia kwenye namba yako. Na kuna hewa: takribani asilimia 90 ya mwanga wa buluu unaopimwa na setilaiti haujaingia majini kabisa, umetawanywa na hewa njiani. Ukikosea asilimia moja juu, umekosea kama asilimia kumi chini.

Kwa hiyo anza na data yenyewe. Faili zilizokwisha kupangwa za kilomita 4 ni rahisi kushusha, lakini Mlango wa Zanzibar una upana wa kilomita thelathini na kitu. Ukitoa pikseli zinazogusa nchi kavu pande zote mbili, unabaki na chache mno. Tumia data za ngazi ya pili (Level-2), yaani ambazo bado hazijapangwa kwenye gridi ya ramani, za kilomita 1, au za OLCI, kifaa cha rangi ya bahari kwenye setilaiti za Ulaya za Sentinel-3, zenye pikseli za mita 300. Zifungue kwa programu ya SeaDAS au SNAP, zote mbili ni za bure. Kisha usiguse klorofili kabla ya kusoma alama za tahadhari za kila pikseli: wingu, mng'ao wa jua, mwanga uliotangatanga kutoka ukingo wa wingu au nchi kavu, na marekebisho ya hewa yaliyoshindikana. Sisi wa karibu na ikweta mng'ao wa jua unatuumiza kuliko wengine. MODIS hutazama chini moja kwa moja na haiinamishwi. OLCI imeinamishwa nyuzi 12.6 kuelekea magharibi ili kuukwepa, na kifaa kikuu cha PACE, setilaiti iliyorushwa Februari 2024, nacho kinainama.

Hesabu pia siku ulizopata kweli. Mwezi wa Aprili, mawingu ya masika yakitanda, "wastani wa mwezi" unaweza kuwa wa siku mbili, nazo ni zile siku mbili ambazo mvua haikunyesha. Andika idadi ya pikseli safi chini ya kila mwezi kwenye mchoro wako. Klorofili haigawanyiki sawasawa: pikseli chache zenye namba kubwa huburuta wastani wote, kwa hiyo chukua logarithimu kwanza, kisha wastani, kisha urudishe. Usichanganye faili zilizochakatwa zamani na zile zilizochakatwa upya mwaka 2022, maana mruko utakaouona kati yake umetoka kwenye kompyuta, haukutoka baharini. Na kwa kuwa umefika 2023, jua kwamba Aqua haishikiliwi tena kwenye saa yake tangu mwanzoni mwa 2022. Inapita ikichelewa kidogo zaidi kila mwaka, na mwelekeo wowote wa miaka ya mwisho unahitaji kulinganishwa na setilaiti nyingine.

Yote hayo mwanafunzi wa Bremen au wa Qingdao anaweza kuyafanya mezani kwake. Asichonacho ni mashua ya kumfikisha Mafia asubuhi na mapema. Ramani za bahari yetu zimetundikwa kwenye kumbi nyingi na watu ambao hawajawahi kulowa maji yake, na inauma kuona kijana wa pwani anashindana nao kwa kompyuta wakati maji yako mlangoni pake.

Basi nenda kachote. Sentinel-3 hupita kama saa nne asubuhi kwa saa ya jua, na Aqua enzi zake ilipita saa saba na nusu mchana. Saa ya jua kwetu iko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika ishirini na kitu, na kila siku njia inasogea, hivyo angalia ratiba ya kupita kabla ya kulipia mafuta. Kigezo kinachofuatwa na wengi cha kuoanisha kipimo cha maji na cha setilaiti ni cha Sean Bailey na Jeremy Werdell wa NASA, cha mwaka 2006: maji yachotwe ndani ya saa tatu kabla au baada ya setilaiti kupita, uchukue mraba wa pikseli tano kwa tano, na nusu yake angalau ziwe safi. Kigezo hicho kilifikiriwa kwa bahari kuu. Kwetu, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji karibu mita nne, tope la saa tatu zilizopita si tope la sasa. Jibane ndani ya saa moja. Ukitumia pikseli za kilomita 1, kumbuka mraba huo una upana wa kilomita tano, kwa hiyo kituo kilicho kilomita moja kutoka ufukweni hakifai hata kama maji yake ni mazuri.

Zima mashine, chota upande wa ubavu ambao moshi na mafuta haviji. Suuza ndoo mara tatu kwa maji ya hapo hapo. Jaza chupa nyeusi, au chupa ya kawaida uliyoizungushia karatasi ya foili, uiweke kwenye sanduku la barafu. Teremsha sahani ya Secchi, ile ya kupimia uwazi wa maji, yenye kipenyo cha sentimita 30 upande wa kivuli na uandike kina inakopotea. Chukua sampuli tatu kila kituo, si moja. Ukichelewa kuchuja, fitoplanktoni zinaendelea kuliwa na kufa humo humo chupani, kwa hiyo chuja siku hiyo hiyo, mapema iwezekanavyo, kwenye mwanga hafifu. Tumia karatasi za nyuzi za kioo aina ya GF/F. Maji meupe ya Mlango wa Pemba yanataka lita mbili ndipo karatasi ionyeshe rangi. Mbele ya Rufiji robo lita inaweza kuziba. Ikianza kudondoka tone tone, simama na uandike ujazo uliopita. Usiongeze nguvu ya pampu, maana seli zinapasuka na klorofili inapita chini pamoja na maji. Kunja karatasi mara moja, funga kwenye foili, gandisha. Friza ya nyumbani ni ya siku chache. Kwa muda mrefu unahitaji nyuzi 80 chini ya sifuri au naitrojeni ya kimiminika, na maabara za bahari za Zanzibar na Mombasa ndipo pa kuuliza. Klorofili hutolewa kwa asetoni ya asilimia 90, gizani na kwenye baridi, kwa saa 24.

Pima na tope, kwa sababu ndilo jibu la swali la mhakiki. Karatasi iliyopimwa uzito kabla, maji, kisha kausha na upime tena. Kosa la kila mara hapa ni chumvi: karatasi isiposuuzwa kwa maji yaliyotoneshwa, pamoja na ukingo wake uliobanwa na kishikio, chumvi iliyobaki inaweza kuzidi tope lenyewe.

Na saa! Data za setilaiti zinaandikwa kwa saa ya dunia, saa tatu nyuma ya yetu. Msaidizi wako mashuani anaandika "4:20" akimaanisha saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wewe nyumbani unaisoma kama saa kumi na dakika ishirini alfajiri, unatoa tatu, na kituo kizima kinatupwa kwa kuwa hakuna setilaiti iliyopita saa hiyo. Chapisha fomu yenye safu mbili, saa ya Kiswahili na saa ya dunia, na zijazwe zote pale pale.

Panga vituo mara tatu ya unavyohitaji. Mawingu yatakula vingi.

Ukishapata jozi zako, yaani kipimo cha maji na cha setilaiti vya mahali na wakati mmoja, ikisiri itajiandika. Ya sasa inasema: "Utafiti huu unaonyesha umuhimu wa setilaiti katika kufuatilia bahari ya Afrika Mashariki." Kila aliyemo ukumbini anajua hilo. Linganisha na hii, namba zikiwa za mfano tu: "Kwa jozi 23 za vipimo, setilaiti ilizidisha klorofili mara 2.1 pale tope lilipozidi miligramu 5 kwa lita, na ilikubaliana na maji kwenye vituo vya nje." Msomaji wa hiyo anajua ulifanya nini, wapi, na kosa ni kubwa kiasi gani. Kosa lenyewe ndiyo habari, usilifiche.

Chagua na ukumbi. Mikutano ya kimataifa ya IOCS, iliyoanza Darmstadt, Ujerumani, mwaka 2013 chini ya IOCCG, kundi la kimataifa la kuratibu sayansi ya rangi ya bahari, imejaa watu wa kanuni za rangi ya bahari, na jozi safi kutoka maji ya tropiki wanazitamani. Kongamano la WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, hufanyika kila baada ya miaka miwili, na lile la 2025 lilikuwa Mombasa. Pale wanaijua Rufiji kwa jina na kwa harufu. Kwa kazi ya kwanza ningeanza na WIOMSA. Kokote uendako, tarehe ya mwisho ya kuomba nauli mara nyingi hutangulia ile ya kujiandikisha, na viza ya Schengen unaweza kuiomba hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho.

Bango utakalotundika mkutanoni liwe la ukubwa wa A0, wima au ulalo kama walivyoagiza, na ulichapishe kwenye kitambaa kinachokunjika ndani ya begi. Ramani moja kubwa inatosha: vituo vyako viwe nukta juu yake, kipimo cha rangi kiwe cha logarithimu, nchi kavu iwe kijivu. Achana na rangi za upinde wa mvua. Manjano yake huchora mpaka ambao baharini haupo, na wasiotofautisha nyekundu na kijani hawaoni kitu. Pembeni weka mchoro wa maji dhidi ya setilaiti, maana watakuja kusimama mbele ya huo.

Kwa hiyo kazi yako ya miaka 21 usiitupe. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na anga likiwa jeupe, fanya safari tatu. Rudi Mei mto ukiwa umejaa, vituo vile vile, ukijua utapata siku chache. Linganisha misimu hiyo miwili, kisha urudi kwenye ramani zako uzisome upya: ile klorofili ya kila masika, ni kiasi gani ni tope?