Faili la Buluu: Niliyojifunza kwa Wafilipino Kuhusu Kutafuta Kazi na Kuijenga

Nilifika Dubai mwaka 2014 nikiwa na begi moja na barua ya wakala wa Mombasa iliyosema kwamba nitafanya kazi ya mapokezi katika hoteli. Siku ya pili nilikabidhiwa sare ya usafi wa vyumba na mkataba mpya wa lugha mbili, wenye mshahara uliopungua kwa robo ya ule nilioahidiwa, nikausaini kwa sababu sikuona njia nyingine. Tulikuwa wanawake 6 katika chumba kimoja cha wafanyakazi huko Al Quoz, na 4 kati yao walikuwa Wafilipino. Mkubwa wao alitoka Iloilo, na wenzake walimwita Ate, neno la Kitagalogi lenye maana ya dada mkubwa. Nami nilimwita hivyohivyo, kwa kuwa nilivyolelewa, aliyekuzidi umri haitwi kwa jina tupu.

Usiku wa tatu Ate alinikuta nikilia. Badala ya kuanza kunibembeleza, aliniuliza swali moja: nakala ya mkataba niliousaini nyumbani iko wapi? Sikuwa nayo, na ukweli ni kwamba hakukuwa na mkataba wowote niliousaini nyumbani. Nilikuwa nimemlipa wakala, nikapewa tiketi. Alinyamaza kidogo, kisha akavuta kutoka chini ya godoro lake faili la plastiki ya buluu, akalifungua juu ya kitanda changu. Ndani yake kulikuwa na mifuko myembamba inayoonyesha, kila mmoja na karatasi yake: cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, vyeti vya mafunzo, mkataba wenye mhuri wa serikali ya Ufilipino, barua za mabosi wa zamani, na picha za pasipoti zilizofungwa kwa mpira. Pembeni mwa kila cheti kinachoisha muda alikuwa amebandika kipande cha karatasi ya njano chenye tarehe ya kuisha. Nimeandika makala haya kwa ajili ya faili lile, kwa maana miaka 7 niliyoishi na Wafilipino ilinionyesha kwamba kinachowavusha ni matayarisho yanayofanywa kabla ya safari, wala si bahati au Kiingereza chao kama wengi wetu tunavyodhani.

Matayarisho hayo hayakuzuka yenyewe. Ufilipino iliingiza ajira ya nje katika Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, na mwaka 1982 ikaunda mamlaka maalumu ya kusimamia mawakala na mikataba, iliyojulikana kwa kifupi kama POEA. Mwezi wa Machi 1995, Flor Contemplacion, mfanyakazi wa nyumbani, alinyongwa nchini Singapore, na hasira iliyozuka nchini kwake ikaharakisha sheria ya mwaka huohuo ya kuwalinda wafanyakazi walio nje. Mwishoni mwa 2021 ikatiwa saini sheria ya kuunda wizara kamili ya wafanyakazi wahamiaji. Kwa hiyo Mfilipino anayepitia njia halali husafiri na mkataba ambao serikali imeukagua, huhudhuria semina ya kabla ya safari, hulipa dola 25 za Marekani kuwa mwanachama wa mfuko wa ustawi unaoitwa OWWA, na hupewa cheti cha ajira ya nje ambacho bila hicho maafisa wa uhamiaji wa Manila hawamruhusu kupanda ndege kwenda kazini. Wakala haruhusiwi kumtoza ada inayozidi mshahara wa mwezi mmoja, na mfanyakazi wa nyumbani hapaswi kutozwa ada hiyo hata senti. Kumbadilishia mtu mkataba afikapo, kama nilivyofanyiwa mimi, ni kosa kwa sheria yao. Nilipolielewa hilo niliona uchungu kweli, kwani nilikuwa nimelala mwezi mzima nikijilaumu kwa ujinga.

Hata hivyo, sheria humlinda anayeipitia. Wapo Wafilipino wanaotoka kwao kama watalii ili kukwepa foleni za karatasi, wakafika Dubai na kupanga kitanda kimoja Satwa au Karama katika chumba kilichogawanywa kwa mbao, wakawa wanazunguka na wasifu wao hoteli kwa hoteli huku siku za viza zikihesabika. Niliwafahamu wawili. Wote walipata kazi, lakini waliikubali katika wiki ya mwisho ya viza, kwa mshahara ambao mwezi mmoja nyuma wangeukataa, na bila mkataba wowote ambao ubalozi wao ungeweza kuusimamia. Nakuomba sana, wewe unayefikiria kwenda Ghuba kwa viza ya matembezi, usijiweke katika hali ya kujadili mshahara huku tarehe ya kuondoka imekukaba. Mwajiri huiona tarehe hiyo kwenye viza yako kabla hujafungua mdomo.

Jambo la pili lililokuwa ndani ya faili ni cheti cha ujuzi. Ufilipino ina taasisi ya mafunzo ya ufundi iitwayo TESDA, iliyoanzishwa mwaka 1994, ambayo humpima mtu kwa vitendo na kumpa cheti cha taifa chenye ngazi. Ate alikuwa na cha usafi wa vyumba vya hoteli, ngazi ya pili, kinachodumu miaka 5. Alinieleza jinsi alivyopimwa: alitandika kitanda mbele ya mtahini, akaeleza kemikali ipi hutumika kwenye marumaru na ipi huiharibu, akajibu maswali kuhusu kitu cha mgeni kilichosahauliwa chumbani. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na nia njema. Nyumbani tunavyo vyuo vya VETA kwa upande wa Tanzania na majaribio ya ufundi ya NITA kwa upande wa Kenya, na bado vijana wetu wengi huwalipa mawakala fedha ambazo zingetosha kulipia mafunzo na kupimwa. Nilikuwa mmoja wao.

Cheti humfikisha mtu kazini, lakini kupanda cheo kunataka tabia nyingine, na hapa ndipo Ate alinifunza zaidi. Mameneja wa hoteli huhama mara kwa mara, na kila anayeondoka huondoka na kumbukumbu yote ya bidii yako. Kwa hiyo kila alipopata habari kwamba msimamizi fulani anahama, Ate alimwendea kwa heshima kabla ya wiki yake ya mwisho na kumwomba barua fupi inayotaja kazi alizozifanya, si sifa tupu za uaminifu na uchapakazi. Katika daftari dogo aliandika idadi ya vyumba alivyosafisha kwa siku, wahudumu wapya aliowafundisha, na mafunzo ya ndani aliyohudhuria. Nafasi ya msimamizi wa sakafu ilipotangazwa, wasifu wangu ulisema kwamba nimefanya usafi wa vyumba kwa miaka 2. Wake ulisema kwamba alisafisha vyumba 16 kwa siku, akafundisha wahudumu 9 wapya, na akashika nafasi ya msimamizi kwa wiki 6 msimamizi huyo alipokuwa likizoni. Tulifanya kazi ileile, ghorofa ileile. Yeye aliitwa kwenye usaili.

Sitaki msomaji adhani kwamba Wafilipino hawakosei. Mwenzetu mwingine wa chumba alikuwa na shahada ya uuguzi na leseni ya kwao, lakini hakuwa na miaka ya kazi hospitalini ambayo waajiri wa nje huitaka. Akakubali usafi wa hoteli kama kazi ya mpito, akisema atatumia mwaka mmoja kukusanya fedha za mtihani wa leseni ya Dubai. Mwaka ukawa minne, kwa sababu kila fedha zilipokaribia kutosha, mdogo wake alidaiwa karo au paa la wazazi lilihitaji mabati. Alipokuja kuulizia leseni, pengo la kutofanya uuguzi lilikuwa limekuwa kikwazo kikubwa kuliko fedha. Nilimwona akikunja karatasi za maombi na kuzirudisha kwenye bahasha bila kusema neno. Tangu siku ile nimekuwa nikimwambia kila anayeniomba ushauri: ukishika kazi iliyo nje ya taaluma yako, andika tarehe ya kutoka, na ujue taaluma yako inavumilia pengo la muda gani. Muuguzi, fundi umeme wa leseni na mwalimu hawawezi kukaa pembeni sawasawa na mtu wa mauzo.

Kuhusu kupata kazi kupitia watu, Wafilipino wana neno palakasan, yaani kupenyezwa na mwenye nguvu, na hulitaja kwa kulilalamikia kama sisi tunavyolalamikia kujuana. Lakini wanatofautisha jambo hilo na kupendekezwa na mwenzako anayeijua kazi yako. Ate alinipendekeza mimi mwaka 2017 kwa nafasi ya mapokezi, baada ya kunisikiliza nikizungumza na wageni kwa miezi kadhaa. Aliniambia waziwazi kwamba nikichelewa kazini, jina litakaloharibika ni lake. Kwao kuna utang na loob, deni la fadhila linalokaa moyoni na halilipwi kwa fedha, na nililichukua kwa uzito huohuo. Sikuchelewa hata siku moja katika mwaka wa kwanza.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu. Kila mwezi Ate aliendelea kulipia mwenyewe michango yake ya hifadhi ya jamii ya Ufilipino, kabla hajatuma chochote nyumbani, na ndugu zake walijua kwamba kiasi hicho hakiguswi hata kwa msiba. Mwanzoni niliona ni ugumu wa moyo, lakini sasa nachangia kwa utaratibu huohuo.

Alimaliza mkataba wake wa mwisho akarudi Iloilo, akiwa na nia ya kuomba kazi katika hoteli za huko. Nilimpigia simu wiki yake ya pili nyumbani kumuuliza amepeleka maombi wapi. Akanijibu kwamba hajapeleka popote bado. Kipande cha njano kwenye cheti chake cha TESDA kilionyesha kwamba muda umepita, na kesho yake asubuhi alikuwa anakwenda kupimwa upya.