Semina si mhadhara: mwalimu anategemea nini

Mdogo wangu, umeuliza mwalimu wa semina, yaani kile kipindi cha chuo cha kujadili makala katika kundi dogo, anategemea nini kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kubwa kuliko yote ni kusoma kabla. Makala ikitolewa Jumatatu na semina ni Alhamisi, isome mara mbili: ya kwanza upate hoja kuu, ya pili ukiwa na kalamu, uandike maswali mawili na namba ya ukurasa kando yake. Hiyo namba ndiyo itakayokuokoa, maana "mwandishi anasema mahali fulani" haijadiliki. Wenzako hawajui wafungue wapi.

Kwenye wasilisho la kundi, kosa linalojirudia ni kugawana kurasa za kusoma. Swali likiangukia sehemu ya mwenzako, unaduwaa. Kila mmoja asome yote, ndipo mgawane kuzungumza. Kwa dakika 15, slaidi 7 au 8 zinatosha, na msizisome neno kwa neno.

Kupinga hoja ni ruksa, tena kunatakiwa sana. Anza kwa kuirudia hoja kwa maneno yako, mwenzako athibitishe kwamba umemwelewa, kisha pinga hoja, si mtu.

Simu iwe kimya. Usimsainie rafiki karatasi ya mahudhurio, ni udanganyifu. Vyuo vingi Tanzania hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani, na semina huwa imo kwenye zile 40. Kwa hiyo ukiugua, peleka cheti cha daktari wiki hiyohiyo.